Luxembourg: utemi uliohama ukoo kwa karatasi ya mwaka 1783

Wiki mbili zilizopita, baada ya kipindi cha jioni, msikilizaji mmoja alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa ametoka kuangalia mpira kwenye kibanda umiza cha kijijini kwao, na nyuma yake kelele zilikuwa hazijaisha. Swali lake lilikuwa hili: mbona bendera ya Uholanzi na ya Luxembourg zinafanana hivi, nyekundu juu, nyeupe katikati, bluu chini? Hawa ni ndugu, au mmoja kamuiga mwenzake?

Nilimjibu hewani kwa haraka kwamba nchi hizo mbili ziliwahi kuwa na mfalme mmoja. Kesho yake akaja mama mwingine na ujumbe mfupi ulionibana kabisa: "Kama walikuwa na mfalme mmoja, walitenganaje? Walipigana?"

Hapana, hawakupigana. Walitenganishwa na msiba mmoja, mtoto wa kike wa miaka kumi, na makubaliano ya ukoo yaliyoandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya msiba huo. Kisa chenyewe ni kirefu kuliko dakika zangu nne za hewani, ndiyo maana nimekiandika hapa. Kisome taratibu, hata kama ni kwa awamu.

Kwanza nimalizane na bendera. Bluu ya Luxembourg imepauka kuliko ya Uholanzi, na rangi zake zinatokana na ngao ya kale ya watawala wa huko, yenye simba mwekundu juu ya mistari ya bluu na nyeupe. Kwa hiyo kufanana kwa bendera hakuwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa undugu. Undugu ulikuwepo kweli, ila ulipitia njia nyingine.

Nchi iliyokuwa ikirithiwa kama shamba

Luxembourg ni nchi ndogo sana, kilomita za mraba 2,586 tu, iliyobanwa katikati ya Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani. Mtawala wake haitwi mfalme. Cheo chake kiko chini kidogo ya mfalme, na Wazungu wanakiita duki mkuu. Kwa kuwa sisi tuna neno letu la mtemi, katika makala haya nitasema utemi na mtemi mkuu, tuelewane. Duniani leo nchi huru yenye mtawala wa cheo hicho ni hiyo moja tu.

Habari zake zinaanzia mwaka 963, bwana mmoja mkubwa aitwaye Siegfried alipobadilishana ardhi na watawa wa mji wa Trier, akapata ngome ndogo juu ya mwamba. Kutoka ngome ile mji ukakua, na mwaka 1354 eneo lake likapandishwa hadhi kuwa utemi. Baada ya hapo lilipita mikono mingi. Mwaka 1443 likachukuliwa na watawala wa Burgundy. Mwaka 1477 binti wa Burgundy akaolewa na kijana wa ukoo wa Habsburg wa Austria, na utemi ukaenda naye.

Ukoo huo wa Habsburg ndiko alikotoka Maria Theresa. Wazee wa pwani yetu wanalijua jina hilo hata kama hawajui lilikotoka, kwa sababu reale, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mama mnene iliyotumika Unguja na Mrima kwa miaka mingi, ni sura yake. Mama huyo wa kwenye sarafu, kati ya mwaka 1740 na 1780, alikuwa pia ndiye mtawala wa Luxembourg. Yeye mwenyewe alirithi kwa karatasi. Baba yake, Karl wa Sita, alikuwa ametoa tamko mwaka 1713 kwamba asipobaki na mtoto wa kiume, mali yote isigawanywe na iende kwa binti. Alitumia miaka mingi kuwashawishi wafalme wenzake waikubali. Wengi walikubali. Alipofariki mwaka 1740, baadhi yao wakasahau ahadi ndani ya wiki chache, na ikazuka vita iliyodumu hadi 1748.

Nimelitaja hilo mapema kwa sababu suala la mtoto wa kike kurithi ndilo litakalotusumbua hadi mwisho wa kisa hiki. Na linaonyesha jambo moja kuhusu karatasi za urithi: zinafanya kazi pale tu wenye nguvu wanapoona faida ya kuziheshimu.

Ndugu wawili na mto Lahn

Sasa tuvuke kidogo, twende Ujerumani magharibi, kwenye ukoo wa Nassau. Hawa wakati huo hawakuwa na uhusiano wowote na Luxembourg.

Mwaka 1255 ndugu wawili wa ukoo huo, Walram na Otto, waligawana urithi wa baba yao. Mpaka ukawa mto Lahn. Walram, mkubwa, akachukua upande wa kusini, kwenye miji kama Wiesbaden na Weilburg. Otto akachukua kaskazini, upande wa Siegen na Dillenburg. Kuanzia siku hiyo ukoo ukawa na milango miwili, na kila mlango ukaenda njia yake.

Mlango wa Otto ulikuwa na bahati. Wajukuu wake walioa kwenye mashamba makubwa ya Uholanzi, na mwaka 1544 mmoja wao, Willem, akarithi kutoka kwa binamu yake jina na mali ya Orange, eneo dogo lililoko kusini mwa Ufaransa. Huyo ndiye aliyeongoza Waholanzi kuasi utawala wa Hispania. Ukoo wa kifalme wa Uholanzi hadi leo unaitwa Orange-Nassau kwa sababu hiyo, na ndiyo maana timu yao ya taifa inavaa rangi ya machungwa.

Mlango wa Walram ukabaki Ujerumani, ukagawanyika tena na tena. Usingen, Weilburg, Saarbrücken: kila kijana alitaka pake, na kila kipande kikawa kidogo zaidi. Mwenye kujua mashamba ya urithi anajua kinachofuata. Baba ana ekari kumi na wana watano, wana wana watoto, na baada ya vizazi vitatu mtu analima matuta manne na kuyaita shamba.

Wakubwa wa Nassau waliiona hatari hiyo. Waliona na nyingine pia: tawi moja likikosa mtoto wa kiume, binti wa mwisho angeolewa ukoo mwingine na ardhi ingeondoka naye, kama vile Luxembourg ilivyoondoka Burgundy kwenda Austria kwa harusi moja.

Tarehe 30 Juni 1783

Ndipo wakakubaliana, wote, wa mlango wa Walram na wa mlango wa Otto. Makubaliano hayo ya tarehe 30 Juni 1783 kwa Kijerumani huitwa Erbverein, maana yake umoja wa urithi. Yalifufua na kupanua makubaliano ya zamani yaliyokuwa yamelegea.

Ukiondoa maneno ya kisheria, yanasema hivi. Ardhi zote za Nassau zilizoko Ujerumani ni mali ya ukoo mzima, na anayezitawala ni mshikaji tu kwa zamu yake. Tawi likiisha kwa upande wa wanaume, ardhi inahamia kwa wanaume wa tawi lingine, hata kama undugu umekuwa wa mbali kiasi gani. Wanawake hawarithi maadamu yupo mwanamume wa ukoo popote. Siku wanaume wote wa milango yote wakiisha, hapo ndipo urithi ushuke kwa wanawake.

Nyumbani kwetu kuna daftari la namna hiyo. Babu aliliandikisha na wazee wenzake, lina mihuri ya vidole gumba, na ukurasa wake wa tatu ndio uliomnyima shangazi yangu kipande alichokilima miaka ishirini. Kwa hiyo niliposoma habari za 1783 sikuhitaji kueleweshwa sana. Tofauti ni kwamba daftari letu linahusu migomba na kisima, na lile la Nassau lilikuja kuhusu nchi yenye watu ndani.

Angalia lakini: mwaka 1783 Luxembourg haimo kwenye karatasi hiyo. Ilikuwa bado mali ya Austria. Iliingiaje?

Kubadilishana kwa Vienna

Iliingizwa na Napoleon, kwa namna fulani. Wafaransa waliiteka Luxembourg mwaka 1795 na kuifanya mkoa wao. Waliviteka pia vitemi vingi vya Ujerumani na Uholanzi yenyewe. Napoleon alipoangushwa, wakubwa wa Ulaya walikutana Vienna mwaka 1814 na 1815 kuchora ramani upya, na hawakuwauliza wenyeji wa mahali popote.

Prussia, dola kubwa ya kaskazini mwa Ujerumani, ilizitaka zile ardhi za kale za mlango wa Otto kule Ujerumani: Dillenburg, Diez, Siegen na Hadamar. Mwenye ardhi hizo alikuwa Willem wa Kwanza, ambaye mwaka huo huo wa 1815 alitangazwa mfalme wa Uholanzi. Akazitoa, na kama fidia akapewa Luxembourg, iliyopandishwa cheo kuwa utemi mkuu.

Hapa ndugu wa mlango wa Walram wakaguna, na walikuwa na haki. Zile ardhi nne zilikuwa ndani ya makubaliano ya 1783. Mlango wa Otto ungeisha, zingekuja kwao. Sasa zimekwenda Prussia, wao watapata nini? Jibu likaandikwa katika mkataba wa mwisho wa Vienna wa tarehe 9 Juni 1815, kifungu cha 71: haki na utaratibu wa urithi uliowekwa mwaka 1783 unaendelea kuwepo, na unahamishwa kutoka zile ardhi nne kwenda Luxembourg.

Sentensi moja tu, na watu waliokuwa wakilima na kuchunga kwenye vilima vya Luxembourg wakawa wameingizwa katika daftari la ukoo ambao babu zao hawakuwahi kuusikia. Uholanzi haikuingizwa. Uholanzi ilikuwa na katiba yake, ambayo ilimruhusu mtoto wa kike kutawala pale mtoto wa kiume anapokosekana. Kwa hiyo mtu mmoja sasa alikuwa amevaa kofia mbili, na kila kofia ilikuwa na kanuni yake ya urithi. Maadamu walikuwepo wana wa kiume, kanuni hizo zilienda pamoja na hakuna aliyeona tofauti.

Kukatwa, na nusura kuuzwa

Willem wa Kwanza aliiendesha Luxembourg kana kwamba ni wilaya ya Uholanzi, na kodi zake ziliumiza. Mwaka 1830 Wabelgiji walipoasi ili wajitenge na Uholanzi, watu wengi wa Luxembourg wakajiunga nao. Mji mkuu peke yake ulibaki kwa mfalme, kwa kuwa ngome yake ilikuwa na askari wa Prussia. Mkataba wa London wa mwaka 1839 ukakata nchi vipande viwili. Upande wa magharibi, zaidi ya nusu ya ardhi, ukaenda Ubelgiji na hadi leo ni mkoa wa Ubelgiji unaoitwa Luxembourg vilevile. Kilichobaki ndicho kile cha kilomita za mraba 2,586.

Mwaka 1867 mambo yakawa mabaya zaidi. Mfalme wakati huo alikuwa Willem wa Tatu, mtu wa hasira na matumizi makubwa. Napoleon wa Tatu wa Ufaransa alitaka kuinunua Luxembourg, na mfalme akakubali kuiuza kwa gulden milioni 5. Kuiuza! Prussia ikakasirika, kwa kuwa askari wake walikuwa bado ndani ya ngome, na Ulaya ikakaribia kuingia vitani kwa ajili ya mwamba mmoja.

Wakubwa wakakutana tena London na tarehe 11 Mei 1867 wakasaini: Luxembourg haiuzwi, itakuwa nchi isiyofungamana na upande wowote, askari wa Prussia waondoke, na ngome ibomolewe. Kazi ya kuibomoa ilichukua miaka mingi, hadi 1883. Kifungu cha kwanza cha mkataba huo kikathibitisha tena haki za ndugu wa Nassau. Mwaka uliofuata katiba ya Luxembourg nayo ikaandika wazi kwamba taji la nchi ni la ukoo wa Nassau kwa kufuata makubaliano ya 30 Juni 1783, kifungu cha 71 cha Vienna, na kifungu cha 1 cha London. Makubaliano ya kifamilia yakawa yamepanda hadi ndani ya katiba.

Msiba wa mwaka 1890

Willem wa Tatu alikuwa na wana watatu wa kiume kwa mke wa kwanza. Mmoja alifariki akiwa mtoto mwaka 1850. Mkubwa alifariki Paris mwaka 1879. Wa mwisho, Alexander, alifariki mwaka 1884. Ndugu yake mfalme, Hendrik, aliyekuwa akimwakilisha Luxembourg na kupendwa sana huko, alifariki mwaka 1879 bila mtoto. Mlango mzima wa Otto, uliodumu tangu 1255, ulikuwa ukizimika mbele ya macho yao, mwanamume mmoja baada ya mwingine.

Mwezi Januari 1879 mfalme alimwoa mke wa pili, Emma, binti wa miaka 20 kutoka Ujerumani, yeye akiwa na miaka 61. Tarehe 31 Agosti 1880 wakapata mtoto mmoja. Wa kike, Wilhelmina.

Kwa Uholanzi ilikuwa furaha, mrithi amepatikana. Kwa Luxembourg mtoto huyo hakubadilisha kitu. Macho yakageukia mlango wa Walram, ambao nao kutoka matawi matatu ulikuwa umebaki mmoja, Nassau-Weilburg, baada ya mengine kuishiwa wanaume na ardhi zao kuunganishwa kama karatasi ilivyosema. Mkuu wa tawi hilo alikuwa Adolf.

Huyu Adolf alizaliwa mwaka 1817, mwaka uleule aliozaliwa Willem wa Tatu. Alikuwa na utemi wake Ujerumani, utemi wa Nassau, na aliutawala tangu 1839. Mwaka 1866 Austria na Prussia zilipopigana alichagua upande wa Austria, Prussia ikashinda, na ikameza utemi wake wote. Akalipwa fidia na kuachiwa majumba kadhaa, lakini kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mtemi asiye na watu. Akazeeka akiwinda milimani Bavaria.

Mwezi Aprili 1889 zikaja habari kwamba Willem yu mahututi, hawezi tena kutawala. Adolf akapanda treni kwenda Luxembourg, akaapishwa kushika nafasi, akapokewa kwa shangwe. Kisha mgonjwa akapata nafuu! Mwanzoni mwa Mei ikambidi mzee wa watu afunge mizigo na kurudi alikotoka. Sijui kama kuna aibu ya kistaarabu inayozidi hiyo, kuwahi kwenye matanga ya mtu aliye hai.

Safari ya pili haikuwa na kosa. Mapema Novemba 1890 akaitwa tena kushika nafasi, na tarehe 23 Novemba Willem wa Tatu akafariki. Siku hiyo kofia mbili zikatengana. Wilhelmina, mwenye miaka kumi, akawa malkia wa Uholanzi chini ya uangalizi wa mama yake. Adolf, mwenye miaka 73, akawa mtemi mkuu wa Luxembourg.

Wengine husimulia kwamba mtoto alinyang'anywa na mtu baki. Kwa hesabu ya mlango wa wanaume, Adolf na Willem walikuwa ndugu wa mbali kupindukia. Walikutana kwa baba wa wale ndugu wawili wa mto Lahn, na mgao wao ulikuwa na umri wa miaka 635. Lakini kwa upande wa wanawake, ambao karatasi haikuuhesabu, walikuwa wa karibu mno. Mama yake Emma alikuwa dada yake Adolf kwa baba. Kwa lugha yetu, Adolf alikuwa mjomba wa malkia Emma, na kwa Wilhelmina alikuwa babu. Babu ndiye aliyerithi mbele ya mjukuu.

Na hili si jambo la Nassau peke yao. Miaka hamsini na mitatu kabla, mwaka 1837, Victoria alipokuwa malkia wa Uingereza alishindwa kurithi Hanover kule Ujerumani, iliyokuwa na mfalme mmoja na Uingereza kwa zaidi ya miaka mia. Kanuni ya Hanover ilitaka mwanamume, ikaenda kwa baba yake mdogo.

Kwa watu wa Luxembourg, kutengana huko kulikuwa na faida ambayo hakuna aliyeipanga. Kwa mara ya kwanza baada ya karne nyingi walipata mtawala ambaye hakuwa na nchi nyingine ya kushughulikia. Adolf mwenyewe hakujichosha; kazi aliiacha kwa waziri mkuu Paul Eyschen, ambaye aliishika hadi 1915.

Wanaume walipoisha

Sasa mbinu ile ya 1783 ikawageukia wenyewe. Adolf alifariki Novemba 1905. Mwanawe Guillaume wa Nne alikuwa na watoto sita, na wote sita walikuwa wa kike. Mwanamume mwingine pekee, Nikolaus Wilhelm, ndugu yake Adolf kwa baba, alikuwa amefariki Septemba ya mwaka huohuo.

Au hakuwa wa pekee? Nikolaus aliacha mtoto wa kiume, Georg, aliyeitwa Bwana wa Merenberg. Tatizo ni mama yake Georg. Alikuwa Natalia, binti wa Aleksandr Pushkin, mshairi mkubwa kuliko wote wa Urusi, yule ambaye babu wa mama yake alikuwa Mwafrika, Abram Gannibal, aliyechukuliwa akiwa mtoto na kukulia katika nyumba ya mfalme Peter wa Urusi. Hebu fikiria: mwaka 1905 mwanamume wa mwisho wa Nassau mwenye dai la kuirithi Luxembourg alikuwa na damu ya Afrika.

Dai lake lilikataliwa. Sababu iliyotolewa haikuwa damu bali cheo: Natalia hakuwa wa ukoo wa kitawala, na ndoa ya namna hiyo huko Ujerumani ilikuwa halali kanisani lakini watoto wake hawakurithi taji. Mwaka 1907 Guillaume wa Nne akatoa kanuni mpya ya ukoo, bunge la Luxembourg likaipitisha kuwa sheria mwezi Julai, na binti yake mkubwa, Marie-Adélaïde, akatambuliwa kuwa mrithi. Walisema wanatekeleza makubaliano ya 1783: wanaume wameisha, sasa zamu ya wanawake. Kwa maoni yangu walichagua kifungu kilichowafaa. Lakini wabunge nao walikuwa na sababu yao nzuri, hawakutaka nchi ihame ukoo mara nyingine kwa mtu wasiyemjua.

Marie-Adélaïde alianza kazi mwaka 1912, alipokwisha kutimiza miaka 18, akiwa mtawala wa kwanza aliyezaliwa kwenye ardhi ya Luxembourg tangu karne ya 13. Miaka miwili baadaye Wajerumani waliivamia nchi. Hakuondoka, na aliwapokea kwa heshima kupita kiasi, watu hawakumsamehe. Januari 1919, kukiwa na watu mitaani wakidai jamhuri na majirani wakubwa wakimkataa, alijiuzulu. Akaingia utawa, akafariki mwaka 1924 akiwa na miaka 29.

Mdogo wake Charlotte akapokea. Na hapo, miaka 104 baada ya ile sentensi ya Vienna, ndipo wenyeji wakaulizwa. Tarehe 28 Septemba 1919 walipiga kura, wanaume na wanawake: mnamtaka Charlotte, mnataka binti mwingine wa ukoo huu, mnataka ukoo mwingine, au mnataka jamhuri? Kama asilimia 78 wakasema Charlotte. Jamhuri ikapata karibu asilimia 20.

Charlotte alitawala hadi 1964, akamwachia mwanawe Jean, Jean akamwachia Henri mwaka 2000. Mume wa Charlotte alitoka ukoo wa Bourbon wa Parma, hivyo kwa kanuni za babu zao hawa si Nassau tena, lakini jina wamelishika. Kanuni ya kumtanguliza mwanamume ilifutwa mwaka 2011: mtoto wa kwanza anarithi, awe wa kike au wa kiume. Tarehe 3 Oktoba 2025 Henri alimkabidhi kiti mwanawe Guillaume, ambaye ana watoto wawili, wote wa kiume. Kwa hiyo kanuni mpya bado haijapata kazi.

Yule mama wa ujumbe mfupi nimemwahidi kumsomea jibu hili kwa sauti Jumatano, saa moja na nusu jioni. Aliyeuliza habari za bendera bado hajarudi. Nadhani ligi imemkamata.